Kisu Si Mtaimbo

Nimetumiwa tena video ya jamaa anayejaribu kisu kikubwa cha kambini. Anakishindilia kwa nyundo kwenye tofali la saruji, anakibana kwenye jiliwa, anakivuta kwa bomba mpaka kipinde, kisha anakiinua juu na kutangaza kwamba hiki ndicho kisu cha msituni. Muda wote huo hakukata hata kijiti. Hakuna ubanzi mmoja ulioanguka. Na chini ya video watu wanaulizana wakinunue wapi.

Hili linaniudhi kwa sababu linawafundisha wageni wa mambo haya kuchagua kisu kwa kigezo ambacho hakihusiani kabisa na kazi. Mtu akipiga kambi anafanya nini na kisu kikubwa? Anapasua kuni ziwe nyembamba, anachonga vigingi vya hema, anapogoa matawi, anatoa vibanzi vikavu vya kuwashia moto siku ya mvua, anakata kamba, anaandaa chakula. Kazi zote hizo zinataka bapa linaloingia bila kugoma. Hakuna hata moja inayodai chuma cha unene wa milimita 7.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua visu viwili vyenye upana uleule, milimita 35 kutoka mgongoni hadi kwenye makali. Cha kwanza kina unene wa milimita 6, na mteremko wake, yaani pale ubavu unapoanza kupungua kuelekea makali, unaanzia milimita 15 tu juu ya makali, mtindo unaopendwa sana kwenye visu vinavyouzwa kwa sifa ya ukatili. Cha pili kina unene wa milimita 4, nacho kimechongwa mteremko mmoja kutoka mgongoni mpaka chini. Vizamishe vyote milimita 10 ndani ya mti. Cha kwanza kinalazimisha mti utanuke milimita 4. Cha pili kinauomba milimita moja na ushei. Pembe ya mteremko wa kwanza ni kama digrii 23, ya pili haifiki hata 7. Unaweza kukinoa hicho cha kwanza mpaka kinyoe nywele za mkono, na bado kitagoma kwenye mti, kwa sababu kinachogoma ni lile tumbo la chuma lililoko nyuma ya makali.

Na kugoma si usumbufu tu. Kisu kisichoingia humfanya mwenye nacho aongeze nguvu, na nguvu hiyo ya ziada ndiyo inayojeruhi. Unasukuma, kijiti kinaachia ghafla, bapa linaishia pajani. Ndani ya paja unapita mshipa mkubwa wa damu, na ukikatika mbali na hospitali dakika zinazobaki ni chache mno. Ndiyo maana naona ile video ni jambo la hatari, si mchezo.

Halafu kuna uzito. Kipande cha chuma chenye urefu wa sentimita 20, upana wa milimita 35 na unene wa milimita 6 kina takriban gramu 330 kabla ya kuchongwa. Kwa unene wa milimita 4 ni 220. Mkono uliochoka jioni unaujua huo mzigo, na jioni ndipo kuni hupasuliwa.

Najua jibu litakalokuja: kinene hakivunjiki. Ni kweli, bapa nene hupinda kwa shida zaidi, na si kidogo. Ukakamavu hupanda kwa kipeo cha tatu cha unene, kwa hiyo kutoka milimita 4 kwenda 6 unapata zaidi ya mara tatu. Lakini ukakamavu huo unakwenda kuutumia wapi? Ukipasua gogo la unene wa mkono kwa kupigilia mgongo wa kisu kwa rungu la mti, huku ukifuata mikondo ya mti na kukwepa mafundo, milimita 4 za chuma kilichopikwa vizuri, yaani kilichopashwa moto na kupozwa ili kiwe kigumu, zinatosha na kubaki. Kisu cha Ka-Bar kilichopokelewa na kikosi cha Marine cha Marekani mwishoni mwa 1942 kilikuwa na bapa la sentimita 18 hivi na unene unaozidi milimita 4 kidogo sana. Wanajeshi walifungulia nacho makopo na masanduku, wakachimbia mashimo, wakakatia mizizi. Wasami wa kaskazini mwa Ulaya wana leuku, kisu kirefu chenye bapa pana na jembamba, nao wanapasulia kuni nacho katika baridi ambayo wengi wetu hatutaionja.

Kuna anayejibu kwa khukuri ya Nepali, kisu kilichopinda ambacho mgongo wake ni mnene kuliko hivi vyote. Huyo namsikiliza. Khukuri ni nene kweli, lakini tazama ilivyochongwa: bapa lake ni pana, linazidi kupungua kadiri linavyoelekea kwenye makali, na uzito umesogezwa mbele ya mpini makusudi ili kazi ifanywe na mwendo wa kisu, si na msuli. Wahunzi wengi huifua kutoka springi za lori, kisha humimina maji kwa birika juu ya makali peke yake, ili makali yawe magumu na mgongo ubaki na unyumbufu. Unene ule umefikiriwa na vizazi vya watu wanaofanya kazi. Ni unene wa kutemea matawi na magogo, na hata hivyo ukitaka kuchonga kijiko kwa khukuri utatamani kisu kingine. Parang ya Malaysia, aina ya panga, nayo inabeba uzito mbele, tena kwa bapa jepesi zaidi.

Kitu kinachovunja visu vikubwa, zaidi ya wembamba wa bapa, ni msuka, yaani ule mkia wa bapa unaoingia ndani ya mpini. Kisu utakachokipigilia kwa rungu kiwe na msuka unaofika mwisho wa mpini, ikiwezekana wenye upana kamili, vibao vya mpini vikiwa vimeshikwa kwa ribiti. Msuka mwembamba unaopita katikati ya mpini si kosa ukitengenezwa kwa uangalifu. Hiyo Ka-Bar ndivyo ilivyo. Lakini ile mipini yenye uwazi ndani, ya kuwekea ndoana na viberiti, iliyovuma miaka ya 1980, iepuke. Isipokuwa vile vichache vilivyochongwa kutoka kipande kimoja cha chuma, bapa huishia pale mpini unapoanzia na kushikwa kwa nati, na hapo ndipo patakapoachia.

Chuma: kwa kisu cha kutemea, chuma cha kaboni cha namba 5160 au 1095 kilichopikwa kufikia ugumu wa 56 hadi 58 kwa kipimo cha Rockwell C kinanitosha, kwa sababu kinastahimili vishindo na kinakubali tupa na kinoo hapo hapo kambini, digrii 20 hivi kila upande. Chuma cha D2 hukaa na makali muda mrefu zaidi, lakini kwenye bapa refu linalopigwa na mafundo huelekea kumeguka. Unayekaa karibu na bahari, chukua kisichoshika kutu, hilo silibishii. Meno ya msumeno mgongoni yaache: hayakati mti vizuri na yanalitafuna rungu. Mpini usio na kona kali, unaojaza kiganja. Urefu wa bapa kati ya sentimita 18 na 25. Chini ya hapo hupasui gogo la maana, juu ya hapo unahitaji panga, na panga ni kitu kizuri kinachojitegemea.

Anayesema shoka dogo hupasua kuni kuliko kisu chochote anasema kweli, ingawa shoka halichongi vizuri wala halifyeki vichaka. Na kando ya kisu kikubwa beba kidogo, chenye bapa la sentimita 10 na unene wa milimita 2 na nusu hivi, ili usilazimike kumenya kitunguu kwa kitu cha kupasulia magogo.

Kabla hujalipa, omba ukichonge kijiti. Kikitoa ubanzi mrefu unaojikunja bila wewe kuuma meno, kichunguze na mengine yote. Kikikwaruza na kuruka juu ya mti, kirudishe, hata kama mwenye duka anakuapia kwamba kimepigwa nyundo na hakikuvunjika.

Ala ya ngozi ni nzuri kiunoni, lakini ukirudi kutoka kambini kitoe humo. Ngozi huhifadhi unyevu, na chuma cha kaboni kikilala ndani ya ala muda mrefu utakikuta na madoa ya kutu. Kipanguse, kipake mafuta kidogo, kihifadhi nje ya ala mpaka safari nyingine.