Hiyo "bure" ya Ujerumani inalipwa sacco

Kuna bango limebandikwa kwenye nguzo za stima huko Barabara ya Tom Mboya, Nairobi: "Soma Masters Ujerumani BURE." Chini yake ni nambari ya simu, jina hakuna.

Haya, nikubali kinachokubalika. Vyuo vikuu vingi vya umma kule havitozi karo. Jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanaotoka nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na chuo cha TUM cha Munich nacho kilianza kutoza mwaka 2024, lakini mwenye bango hawezi kusumbuliwa na vijimambo kama hivyo. Tuongee Sperrkonto, yaani akaunti iliyofungiwa.

Asiye na ufadhili wala mdhamini kule hutakiwa kuweka euro 11,904 kwenye akaunti hiyo kabla ya kupewa viza. Tukihesabu euro kwa shilingi 150, hizo ni 1,785,600. Ajenti atakuambia usijali, pesa ni zako, utarudishiwa euro 992 kila mwezi. Ni kweli. Lakini ni nyumba ngapi Nairobi hii zina karibu milioni moja na laki nane zimekaa tu zikisubiri Mjerumani azifungie? Kwa hiyo mama anaenda sacco, na wenzake wa kazini wanatia sahihi kumdhamini.

Mkopo huo, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, ukilipwa kwa miezi 48, ni kama 47,000 kila mwezi. Hizo ni euro 313 hivi. Sacco haingoji umalize muhula. Inaanza kukata karibu mara moja, kwa payslip ya mama. Na nyumbani kila mtu anajua mtoto "yuko Ulaya," basi si atume?

Atume kutoka wapi? Chumba cha hosteli ukibahatika ni euro 350. Bima ya afya ni karibu 150. Kuna ada ya redio na televisheni, 18.36 kwa kila nyumba, hata kama televisheni huna. Ukitoa hizo kwenye 992 unabaki na 474. Toa za sacco: 161, za chakula, simu, nauli na ada ya muhula. (Koti la baridi nunua soko la mitumba la Gikomba kabla ya kuondoka. Lilitoka hukohuko.)

"Si atafanya kazi?" Anaruhusiwa siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280. Lakini mwajiri anataka nambari ya kodi, na nambari hiyo haiji mpaka ujisajili kwenye ofisi ya jiji, Anmeldung, ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia. Kujisajili kunataka karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba. Anayelala kwenye kochi la Mkenya mwenzake mara nyingi hana karatasi hiyo. Bila usajili benki nyingi nazo zinakuzungusha, na bila akaunti ya kawaida zile 992 hazina pa kuingia. Wakati huohuo mwenye nyumba anataka amana, ambayo sheria inamruhusu kudai hadi kodi ya miezi 3. Ndiyo maana watu wanashinda njaa mwezi wa kwanza na hela wanazo. Panga kuwa na euro 2,000 nje ya Sperrkonto, la sivyo usipande ndege.

Kuhusu malipo ya ajenti sina maneno mengi. Orodha ya kozi iko kwenye tovuti ya DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi, kutafuta ni bure. Vyuo vinavyopokea maombi kupitia uni-assist, ofisi inayovikagulia vyeti vya wanaotoka nje, vitakugharimu euro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila linalofuata. Hivyo tu. Hizo elfu nyingi anazodai ni za kukujazia fomu.

Na uangalie umri wako kabla ya kumpigia simu. Bima ya umma ya bei ya wanafunzi huishia miaka 30. Ukiingia Ujerumani umeipita, kwa kawaida unatakiwa kutafuta ya binafsi, na kabla ya kulipa soma imeacha magonjwa gani nje. Huku kwetu mtu hufanya kazi miaka sita ndipo akumbuke masters, kwa hiyo 31 ni umri wa kawaida kabisa. Bango halijauliza mtu tarehe ya kuzaliwa.