Urani hairutubishwi, inapepetwa

Kila taarifa ya habari ikiigusa Iran nalisikia lile neno, kurutubisha urani, na kila mara masikio yangu hulikataa. Kurutubisha ni kazi ya samadi: unaongeza kitu ili udongo upate nguvu. Kwenye urani hakiongezwi kitu, kinapunguzwa.

Katika atomu 1,000 za urani kama inavyotoka ardhini, karibu 993 ni za aina ya 238 (namba hiyo ni uzito wa atomu). Zinazobaki, 7 hivi, ni za 235, na hizo ndizo zinazopasuka kirahisi na kutoa joto. Vinu vingi vya umeme vinataka hizo 7 ziwe kati ya 30 na 50. Sasa, kikemia aina hizi mbili ni mapacha. Tindikali inayoyeyusha mmoja inamyeyusha na mwenzake. Wanapishana uzito tu, tena kidogo sana. Mama yangu, ambaye hakusoma kemia, angeniambia hapo hapo: lete ungo. Ajabu ni kwamba neno kinu tulilichukua jikoni bila taabu, ungo tukausahau.

Lakini urani ni metali nzito kuliko risasi. Utaipeperushaje?

Hapa ndipo ninapowavulia kofia wanakemia. Unga wa manjano wa mgodini (ambao ukikaushwa kwa joto kali huwa karibu mweusi, jina ni jina tu) ni urani iliyoshikana na oksijeni. Huusafisha, wakautia hidrojeni, ukawa wa kahawia. Wakaupitisha kwenye floridi ya hidrojeni, ukawa chumvi ya kijani. Mwisho wakaleta gesi ya florini yenyewe, na kila atomu ya urani ikazungukwa na sita za florini. Hiyo ni heksafloridi ya urani: chengachenga nyeupe ambazo zikifika nyuzi 56 na nusu hupotelea hewani bila kuwa maji kwanza, kama kafuri.

Kwa nini florini? Kwa sababu atomu zake zote zina uzito mmoja. Klorini ina aina mbili, ingevuruga hesabu. Kwa florini, molekuli nyepesi ina uzito wa 349 na nzito 352, na tofauti yote ni ya urani. Gesi hiyo ndiyo inayozungushwa kwa kasi ya kutisha kwenye mashine moja baada ya nyingine, nzito ikikimbilia ukutani, nyepesi ikibaki katikati.

Ikishapepetwa inarudishwa kuwa oksidi, inashindiliwa na kuchomwa kwenye nyuzi kama 1,700, vikatoka vidonge vyeusi vinavyotoshana na ncha ya kidole. Huo ni ufinyanzi kabisa. Urani ya metali ingeyeyuka kwenye nyuzi 1,132. Kigae hiki kinavumilia zaidi ya 2,800.

Nayasema haya kwa sababu ya Namtumbo, wilaya ya kusini mwa Tanzania yenye urani. Tangu kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani kizinduliwe pale Mkuju mwaka 2025, vijiweni kuna watu wa aina mbili: wanaodhani kesho tutawasha taa kwa urani yetu, na wanaodhani kesho tutalipuka. Wote wameruka hatua zote nilizozitaja hapo juu. Unga wa manjano hauwashi hata kibatari, na nchi zenye viwanda vya kuugeuza kuwa heksafloridi unazihesabu kwa vidole.

Hata hiyo heksafloridi, hatari yake kubwa ya haraka ni sumu. Januari 1986, huko Gore, Oklahoma, mtungi uliojazwa kupita kiasi ulipashwa moto ukapasuka. Gesi ilikutana na unyevu wa hewani ikazaa floridi ya hidrojeni, na mfanyakazi mmoja akafa. Kilichomuua ni ile floridi, wala si mionzi.

Namtumbo florini haipo. Kuna maji. Urani iliyolala kwenye mawe ya mchanga imetulia kwa sababu haiyeyuki. Ikipata oksijeni na tindikali inageuka kuwa iliyojaa oksijeni zaidi, inayeyuka na kufuata maji yaendako, na ikinywewa kwa wingi inaumiza figo kwanza. Kwa hiyo mimi nikipewa kipaza sauti kwenye mkutano wa kijiji, bomu silitaji. Nitauliza bwawa la mabaki ya mgodi limetandikwa nini chini, na visima vilipimwa lini mara ya kwanza, kabla au baada ya kuchimba.