Msijenge ukumbi mwingine jangwani, rudisheni kivuli kwanza

Kila nikisikia mradi mpya wa kufufua utamaduni unaelekea vijiji vya majangwa ya Chalbi na Kaisut huko Marsabit, kaskazini mwa Kenya, swali langu la kwanza ni watu watakaa wapi. Pesa ni ngapi na nani atakuja kukata utepe hayo tutayajua baadaye, mimi nauliza kukaa. Sababu naamini kabisa ufundi wa wamama wa Kigabra na Kirendille, wafugaji wa ngamia wa huko, ulianza kufa siku watu walipokosa mahali pa kukaa pamoja mikono ikiwa na kazi, na simu za vijana zilikuja kukuta shughuli imeshaharibika kitambo. Ukijenga nyumba ya mabati ukaiandika kituo cha utamaduni kwa rangi kubwa alafu ukaifunga kufuli na ufunguo akakaa nao mwenyekiti ambaye wiki hii yuko Marsabit mjini, hapo hujarudisha kitu.

Chukua chicho. Kwa wasiokijua, ni chombo cha maziwa cha Wagabra na Waborana, kinasukwa kwa nyuzi za mizizi ya asparagasi mwitu. Mama anaanza na kitako kidogo tu, anazungusha nyuzi, anatoboa na chuma chenye ncha, anapitisha uzi, anavuta mpaka ukaze, anatoboa tena pembeni yake kabisa, na anaendelea hivyo wiki baada ya wiki mpaka chombo kisimame. Mishono inabanana mpaka chombo kikishazoea moshi na mafuta ya maziwa hakivuji. Alafu kuna kukifukiza, na hapa ndo utamjua fundi: kijiti cha mti wenye harufu nzuri kinachomwa, kinaingizwa ndani kikiwa bado na kaa jekundu, anakizungusha kote, anafunika, moshi unabaki humo. Maziwa ya ngamia yakiwekwa kwa chombo kilichofukizwa vizuri yanakaa muda mrefu bila kuharibika, na yanapata ile ladha ambayo mtu wa huko akiikosa Nairobi anasema maziwa ya mjini hayana kitu.

Sasa niambie kazi kama hiyo inafundishwaje kwa semina ya siku mbili. Haifundishiki. Msichana alijifunza kwa kukaa karibu, kwanza anapewa kazi ya kuchuna nyuzi, baadaye anaachiwa mshono mmoja, unakuwa mbovu, unafumuliwa, anarudia, na wakati huo wote anasikia habari za nani anaoa wapi na mvua imenyesha upande gani na ngamia wa fulani amezaa. Ule umbea na ile kazi vilikuwa kitu kimoja. Ukivitenganisha, kazi inabaki kuwa mzigo tu, na hakuna msichana wa miaka kumi na minne atakubali kukaa peke yake na mizizi na chuma masaa matatu wakati wenzake wako mahali pengine wanacheka.

Na mahali penyewe palikuwa panajulikana. Manyatta ya Warendille ilijengwa kwa duara, katikati yake kuna naabo, ua wa miiba wenye moto ambapo wazee wanaomba na kukata mashauri, na Wagabra nao wana naabo yao. Wanaume walikuwa na pao hapo. Wamama walikuwa na upande wa kivuli wa nyumba, wakikifuata vile jua linavyogeuka, na mti wa mgunga kama upo. Hakuna mtu alihitaji kuandika barua kuomba kupatumia.

Nyumba yenyewe ilikuwa kazi ya mwanamke kuanzia fito mpaka mkeka wa juu. Warendille wanaiita min, Wagabra wanaiita mandasse, na ni fito zilizokunjwa zikafungwa kwa kamba za nyuzi, juu yake mikeka na ngozi. Wakihama inafunguliwa yote, inapakiwa kwa ngamia, na zile fito zilizokuwa ukuta zinakuwa tandiko la mzigo mgongoni mwake, watoto wadogo wanapanda humo. Harusi ikifika nyumba mpya inajengwa, na vifaa vingine vinatoka kwenye nyumba ya mama ya bibi harusi, kwa hivyo huyo binti analala chini ya mikeka iliyosukwa na mama yake na labda nyanya yake pia. Mimi sioni chuo gani cha ufundi kinaweza kushindana na mpango kama huo. Kila harusi ilikuwa oda ya kazi. Hakuna mtalii aliyehitajika hapo.

Alafu watu wakaanza kukaa mahali pamoja. Ukame wa mwanzo wa miaka ya 1970, visima, misheni, chakula cha msaada, shule, ndo vijiji vya Korr na Kargi vikakua mpaka vikawa vile vilivyo. Siwalaumu waliokaa, mtoto akiwa na njaa unakaa palipo na unga na maji. Lakini nyumba nyingi zikikaa mahali pamoja mwaka mzima miti inaisha, kwa kuni na kwa kuzungushia maboma, na watafiti wa ule mradi wa UNESCO wa maeneo kame, IPAL, ulioanza Marsabit 1976, waliliona hilo mapema wakaliandika. Watu wanasoma habari hiyo kama habari ya mazingira tu. Mimi naisoma kama habari ya ufundi, sababu mti ukiisha umepoteza fito, umepoteza kijiti cha kufukizia, na umepoteza paa la darasa lenyewe kwa siku moja. Kutafuta mizizi nako kukawa safari ya mbali, na mama mwenye foleni ya maji hana nafasi ya safari hiyo.

Mabati yakafuata. Nyumba ya mabati ni heshima, haivuji, haihitaji kukarabatiwa kila msimu, na mimi siwezi kumwambia mtu arudi kwa mikeka wakati mimi mwenyewe nalala chini ya mabati. Ila kila mtu aliyekaa Kalacha au North Horr anajua saa saba mchana ndani ya mabati hakukaliki. Watu wanatoka nje, nje hakuna mti, kwa hivyo kila mtu anajibanza kwa kivuli chembamba cha ukuta wake mwenyewe. Angalia vizuri hiyo picha, watu thelathini kwa kuta thelathini. Hapo ndo kusuka kuliishia.

Mtu ataniambia jerikani ndo iliua chicho. Ni kweli kiasi. Jerikani ni nyepesi, ni rahisi, na maziwa ya ngamia yanayotoka Isiolo kwenda Eastleigh kwa basi yanasafiri kwa plastiki, hakuna mtu atapanga chicho hamsini juu ya keria. Kubwa zaidi ni ukame wa 2020 mpaka 2023, misimu mitano mfululizo mvua inakataa, mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa Kenya. Chombo cha maziwa kwenye boma lisilo na maziwa kinatundikwa kinakauka. Kwa hivyo yeyote anayesema anafufua ufundi huku na hana habari na malisho wala na idadi ya ngamia waliobaki, huyo anafufua mapambo. Mapambo si mabaya. Shanga zinauzika, zinalipa karo, na tangu barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis itengenezwe kwa ajili ya ule mradi wa umeme wa upepo wageni wanafika Ziwa Turkana kirahisi kuliko zamani. Lakini shanga haziwezi kubeba kila kitu, na mama akishaona kwamba kitu pekee mgeni ananunua ni bangili, atatengeneza bangili, na mkono wake utasahau mengine.

Sasa nirudi kwa hili la majengo, ndo linaniuma. Misri, karibu na Luxor, mbunifu Hassan Fathy katika miaka ya 1940 alianza kujenga kijiji kizima cha Gourna Mpya kwa matofali ya udongo, akaleta mafundi wa Kinubi waliojua kupinda paa bila mbao, akaweka msikiti, soko, ukumbi wa maonyesho, hata mahali maalum pa mafundi kufanyia kazi na kuuzia. Kazi nzuri mpaka leo wanafunzi wa ujenzi wa dunia nzima wanaisoma. Na wenye kijiji wengi wakakataa kuhamia, sababu hawakuomba kuhamishwa, serikali ndo iliamua kuwatoa juu ya makaburi ya kale waliyokuwa wanaishi karibu nayo na kupata riziki hapo. Mtu mwenye kipaji kama kile na nia njema kama ile, na bado nyumba nyingi zikabaki tupu. Sasa kontrakta wetu aliyeshinda tenda ya ukumbi wa mabati anadhani kwake itakuwaje?

Nikitaka moyo nauangalia Djenné kule Mali. Ule msikiti wao mkubwa ni wa udongo, mvua inaula, kwa hivyo kila mwaka mji mzima unatoka kuupaka udongo upya, waashi wako juu ya zile mbao zilizochomoza ukutani, vijana wanakimbia na makapu ya matope, na fundi mdogo anajifunza hapohapo mbele ya wote. Jengo linawahitaji watu, kwa hivyo watu hawaachi kulijua. Sisi tunasifu jengo lisilohitaji matengenezo miaka ishirini. Kwa ofisi sawa. Kwa mahali pa ufundi hiyo ni hasara tupu, sababu likishamalizika hakuna mkono utakaoligusa tena.

Kwa hivyo ningependa kuona kitu kidogo sana. Kivuli kikubwa cha fito na mikeka, kijengwe vilevile min inavyojengwa ila kipanuliwe na pande zote ziwe wazi, kisukwe na wamama wa kijiji chenyewe, na mikeka ibadilishwe kila ikichakaa ili kazi isiishe. Kiwe karibu na maji, sababu foleni ya maji ndo mahali pekee wamama bado wanakutana kila siku, huna haja ya kuwaita kwa mkutano. Kisiwe na mtu wa ufunguo kwa sababu hakuna mlango. Mikoma na migunga ipandwe pembeni na ichungwe isiliwe na mbuzi, maji yanayomwagika kisimani yaelekezwe huko. Na wazee wa naabo wahusishwe kuchagua mahali, sio kuambiwa, wachague wao, wanajua upepo wa Chalbi unapiga kutoka wapi kuliko ramani yoyote.

Sheria iko upande wetu, kitu ambacho watu wengi hawajui. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaruhusu jamii iliyosajiliwa kutenga sehemu za ardhi yake kwa shughuli maalum, na maeneo ya utamaduni na dini yametajwa humo waziwazi pamoja na makazi na kilimo. Kamati ya kusimamia ardhi inachaguliwa na mkutano wa jamii, watu 7 mpaka 15. Hiyo inamaanisha naabo na kivuli cha wamama vinaweza kuwekwa kwenye mpango wa kijiji kabla mtu hajaanza kupima ploti, na mwaka huohuo wa 2016 ilipita pia sheria ya kulinda maarifa ya jadi, kwa hivyo mitindo ya kusuka nayo ina mwenyewe. Vijiji vinavyopanuka vinapimwa ploti kwanza alafu mahali pa watu wote panatafutwa kwenye kipande kilichobaki, kwa kawaida karibu na jalala. Hapo wazee mkae macho.

Tamasha la Ziwa Turkana pale Loiyangalani lilianza 2008, mwaka uleule Makumbusho ya Jangwa yalipofunguliwa, na mimi nalipenda, ukiona jamii zaidi ya kumi za Marsabit zimejenga nyumba zao uwanja mmoja unashiba. Lakini zile nyumba hufunguliwa na kuondolewa baada ya siku chache. Kama kila jamii inaweza kujenga nyumba ya mfano kwa ajili ya wageni, inaweza kujenga kivuli cha kudumu kwa ajili ya watoto wake, mikono ni ileile.

Kuna jambo ambalo halisemwi kwenye hizi habari za utamaduni na nitalisema. Wahunzi. Visu, mikuki, chuma chenyewe cha kutobolea chicho, vyote vimetoka kwa familia za wahunzi, wale Warendille wanawaita tumal, na hao kwa jadi walidharauliwa, watu hawaoani nao, wanakaa pembeni. Tukisema tunarudisha mahali pa wote alafu mhunzi akakaa nje ya kivuli, basi tumerudisha na ubaguzi wake. Mahali pake pa kufulia chuma pawe hapohapo ndani, sio nyuma ya kisima, na vijana wa koo zote wakitaka kushika nyundo wasizuiwe na mtu. Wako wazee watakaokasirika na hili, wakasirike tuongee, kuliko kunyamaza kwa sababu eti ni mila.

Na malipo. Ukumbi wa mabati ukijengwa mwashi analipwa kwa siku, fundi wa bati analipwa, hata mlinzi wa simiti usiku analipwa. Kivuli cha mikeka kikijengwa utasikia wamama wamejitolea. Kujitolea gani huko, mkeka mmoja umekula mwezi wa mtu! Fundi wa kusuka alipwe siku sawasawa na mwashi, msichana anayejifunza apewe kitu hata kama ni nusu, na anayeenda mbali kutafuta mizizi hesabu yake iwepo. Vikao vya maoni ya bajeti ya kaunti viko wazi kwa kila mtu, na swali la kuuliza pale ni moja, mstari wa malipo ya wasukaji uko ukurasa gani, na kama hakuna mstari huo, mradi usianze mpaka uandikwe.