Kubashiri jicho litatua wapi: mtandao mwepesi si mtandao ulio wazi

Mwaka 1998 Laurent Itti, Christof Koch na Ernst Niebur walitoa kielelezo cha kompyuta kinachobashiri jicho la mtu litatua wapi kwenye picha. Kilipima mambo matatu tu: rangi, mwangaza na mwelekeo wa mistari. Kikikosea, ulijua kosa limetokea wapi. Na kilikosea mara nyingi, kwani hakikujua sura ya mtu ni nini, ilhali macho yetu hukimbilia sura na maandishi.

DeepGaze II, iliyotengenezwa Tübingen, Ujerumani, mwaka 2016, iliziba pengo hilo kwa kuazima VGG-19, mtandao wa neva (yaani programu inayojifunza kwa mifano) uliokwisha kufunzwa kutambua vitu kwa picha zaidi ya milioni moja. Ubashiri uliboreka sana, na mzigo wa hesabu ukaongezeka. Ajabu ni kwamba mwaka uliofuata watafiti hao hao waliupambanisha na kielelezo kinachojua mwangaza na utofauti wake tu. Kwa wastani kilishindwa. Lakini zilikuwepo picha ambazo kiliupiku ule mkubwa, kwa kuwa mtandao uliozoea vitu ulipuuza mwanga mkali.

Mwaka 2018 watafiti wa Twitter (sasa X) walishika njia nyingine: kupogoa. Walifunza mtandao mdogo uige mkubwa, kisha wakakata sehemu zisizochangia sana. Kasi ilipanda mara 10, usahihi ukabaki karibu uleule. Kwa kampuni iliyokuwa ikitumia ubashiri huo kuchagua kipande cha kuonyesha cha picha zisizohesabika ili zitoshee kwenye skrini za simu, sioni mtu angeukataa wepesi huo.

Ila mtandao mwepesi si sawa na ulio wazi, yaani unaoonyesha kosa limetokea wapi. Mwaka 2020 watumiaji walilalamika kuwa programu hiyo ya kupunguza picha ilichagua sura za weupe na kuwaacha weusi nje ya fremu. Kampuni ilipojipima mwaka 2021 ilikuta tofauti ya asilimia 4 iliyowapendelea weupe, na asilimia 8 iliyowapendelea wanawake. Siutwishi upogoaji lawama hizo. Kuipunguza picha kwa kuizunguka nukta moja tu yenye alama ya juu kulichangia pia. Ninachosema ni kwamba kuukata mtandao hakukumsaidia yeyote kuona kasoro ndani yake. Waliogundua ni watu waliopandisha picha, wakatazama nani amebaki.

Twitter ikaamua kwa kiasi kikubwa kuacha kubashiri, na picha za vipimo vya kawaida zikaonyeshwa nzima.