Zizi la Durham, ng'ombe wa Tampa Bay

Ukitaka kupima kama Durham Bulls watafika fainali ya ligi yao, usianze na msimamo. Anza na orodha ya majeruhi wa Tampa Bay Rays.

Bulls, yaani Mafahali, wako North Carolina na wanacheza Triple-A, ngazi moja tu chini ya ligi kuu ya besiboli Marekani. Wachezaji wao ni mali ya Rays, timu ya ligi kuu. Mrushaji wa Rays akiumia bega leo usiku, kesho kuna mtu wa Durham anafungasha mabegi. Kocha wa Durham haombwi ruhusa, anapangua kikosi chake tu.

Triple-A ina ligi mbili, na ya Durham ni International League. Tangu 2023 msimu wake wa mechi 150 umegawanywa nusu mbili. Kinara wa nusu ya kwanza anakutana na kinara wa nusu ya pili, na anayetangulia kushinda mechi mbili ndiye bingwa wa ligi. Timu ni 20, nafasi ni mbili. Ukiteleza mwanzoni, katikati ya msimu hesabu inarudi sifuri, na hapo ndipo mashabiki wa Durham wana haki ya kutamba: mwaka 2022 timu yao ilitwaa ubingwa wa Triple-A nzima kule Las Vegas, na 2023 ikaongoza nusu ya pili. Rays hawana fedha za timu za New York, kwa hiyo wanalea vijana kwa bidii, na Durham ndiyo inayowavuna kwanza.

Ila huwavuna kwa muda. Septemba 1 timu za ligi kuu huongeza kikosi kutoka wachezaji 26 hadi 28, na nyongeza hiyo kwa kawaida hutoka Triple-A. Septemba 2023 Rays walipomhitaji kijana wao Junior Caminero, walimtoa Montgomery, tawi lao la ngazi iliyo chini ya Durham, akapita juu ya Durham bila kutua. Wakati huohuo Norfolk, tawi la Baltimore Orioles wa ligi kuu, ilimpoteza Heston Kjerstad aliyepandishwa juu, lakini ikaletewa Jackson Holliday, mtoto wa miaka 19. Timu mama mbili zilikuwa zinagombea kundi moja huko juu, matawi yao yakakutana fainali huku chini. Norfolk wakashinda.

Nilidhani kinara wa nusu ya kwanza ndiye anayeumia, maana kikosi cha Juni hakifiki Septemba. Norfolk wamenikatalia, na mwaka uliofuata Omaha, nao vinara wa nusu ya kwanza, wakaifunga Columbus kwenye fainali. Misimu miwili si ushahidi mzito, lakini sitang'ang'ania.

Wapo wanaosema Rays wakivurunda, Durham inapona. Sikubaliani nao. Timu mama ikishindwa, huuza wakongwe Julai na kupandisha vijana ili iwajaribu. Ikishinda, huwapandisha kuziba mapengo. Durham inakamuliwa pande zote mbili. Kinachoisaidia ni mama mwenye afya: warushaji watano wazima huko juu, hakuna anayepigiwa simu usiku.

Kwenye uwanja wao, juu ya ukuta wa kushoto, kuna bango la fahali: mpigaji akiligonga anapata nyama, akigonga nyasi zilizochorwa chini yake anapata saladi. Bango hilo angalau halipandishwi daraja.