Msiwaambie watoto wetu fizikia hii si yao

Juzi kwenye kikao cha wazazi huku Uyole, Mbeya, mzazi mwenzetu alisimama akasema walimu waache kuwapotezea watoto muda na mambo ya elektroni. Hayo ni ya Wazungu, huku kwetu wafundishwe parachichi. Akapigiwa makofi. Bado nina hasira.

Parachichi zinalipa ada, sibishi. Ila hebu ingieni stoo ya shule, mchukue kompyuta iliyokufa, mchomoe hadi diski inayohifadhi kumbukumbu zake na kuifungua kwa bisibisi ya nyota. Mtaona sahani inayong'aa hadi unajiona uso, na mkono mwembamba ambao nchani una kichwa cha kusomea, kidogo kuliko punje ya ulezi. Fizikia yenyewe imo humo.

Mwaka 1988, Albert Fert huko Ufaransa na Peter Grünberg huko Ujerumani, kila mmoja na kundi lake, walipanga tabaka za chuma na kromiamu, nyingine hazifiki unene wa nanometa moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Walipoziweka kwenye sumaku, ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, ulishuka. Kwa Fert, katika baridi kali, karibu nusu nzima! Mwanafizikia William Thomson alikuwa ameona tangu miaka ya 1850 kwamba sumaku hubadilisha ukinzani wa chuma, lakini kwa asilimia chache tu.

Siri iko kwenye spini ya elektroni, tabia inayoifanya kila elektroni iwe kama sumaku ndogo. Usumaku wa tabaka mbili za chuma ukielekea upande mmoja, elektroni zenye spini inayoafikiana nao hupita kirahisi. Ukipingana, kila elektroni hukutana na tabaka linaloisumbua, na umeme hupita kwa taabu. Alama za sumaku zilizo kwenye sahani hugeuza usumaku wa tabaka moja la kichwa, ukinzani unapanda au kushuka, na kompyuta inasoma sifuri na moja. Kampuni ya kompyuta ya IBM iliingiza vichwa hivyo sokoni mwaka 1997. Tuzo ya Nobel ya Fizikia ikawafuata Fert na Grünberg mwaka 2007.

Mtoto wa kidato cha tatu ameshasoma sumaku na kanuni ya Ohm. Kinachomshinda hapo ni nini?

Haya, mashine za kutandaza tabaka za nanometa hatuna, na kompyuta mpya nyingi zimeachana na sahani. Lakini vihisi vya ukoo huu hupima mzunguko wa magurudumu kwenye breki za magari ya kisasa, na sisi tunaopita mteremko wa Mlima Iwambi tunajua thamani ya breki.

Mwalimu wa fizikia unayesoma hapa, ziombe kompyuta hizo kabla hazijauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Niite, nitakuja kuzifungua pamoja na wanafunzi wako.