Mayai ya safarini chini ya kuku anayeatamia: ubishi ulioelekezwa pasipostahili

Mfugaji wa Arua au Adjumani, kaskazini-magharibi mwa Uganda, anayetaka mbegu mpya ya kuku kutoka upande wa Kampala, Mukono au Entebbe ana njia tatu: anunue vifaranga vya siku moja, anunue jogoo, au aagize trei ya mayai yenye mbegu, yaani yaliyorutubishwa, na kuyaweka chini ya kuku wa kienyeji anayeatamia. Njia hii ya tatu ndiyo yenye gharama ndogo mwanzoni, haidai umeme wala mkaa wa kuvitia vifaranga joto, nayo ndiyo inayozusha ubishi mwingi zaidi. Wanaoitetea husema kwamba hakuna mashine iliyowahi kumshinda kuku katika kazi aliyoumbiwa. Wanaoipinga husema kwamba ni kumkondesha koo kwa wiki tatu ili hatimaye mtu atupe mayai viza. Pande zote mbili zina hoja, lakini naona zinabishana juu ya kuku wakati sehemu kubwa ya matokeo imekwisha kuamuliwa barabarani, kabla kuku hajaligusa yai hata moja.

Yai lililorutubishwa halianzi maisha siku linapowekwa kiotani. Linapotagwa, kiinitete kimekwisha kukua ndani ya mwili wa kuku kwa muda wa karibu saa 24, na kimekwisha kuwa na maelfu ya chembe hai. Yai likipoa chini ya nyuzi 20 au 21 za selisiasi hivi, ukuaji husimama, na kiinitete kinaweza kungoja kwa siku kadhaa bila madhara makubwa. Ndiyo sababu watotoleshaji huyahifadhi mayai katika nyuzi 15 hadi 18, na hupenda yaingie mashineni kabla hayajapita siku 7. Lakini trei inayotoka shambani kwa bodaboda, ikalala katika ofisi ya vifurushi, kisha ikapakiwa kwenye buti la basi kwa safari ya karibu kilomita 480 hadi Arua, haikai katika nyuzi 18. Wakati wa kiangazi, mchana wa mji wa Pakwach ulio njiani na bonde la Nile hupita nyuzi 30 bila shida, na ndani ya buti joto ni kali zaidi. Joto la namna hiyo halitoshi kukikuza kiinitete ipasavyo, ila linatosha kukiamsha. Huanza kukua kwa kusuasua, usiku hupoa na kusimama, kesho yake huanza tena, na baada ya kuamshwa na kulazwa hivyo mara kadhaa hufa katika siku za mwanzo za kuatamiwa au hubaki dhaifu hadi mwisho. Mwenye kuku akilimulika yai hilo kwa tochi siku ya 7 huona pete ya damu, au haoni kitu, kisha huamua kwamba aliuziwa yai lisilo na mbegu. Muuzaji hupakwa tope kwa kosa ambalo huenda si lake.

Jambo la pili ni mtikisiko. Katika ncha butu ya yai mna chumba cha hewa, na kifaranga hukitegemea chumba hicho kwa pumzi zake za kwanza kabla hajatoboa ganda. Mtetemo wa saa nyingi juu ya barabara ya murram, isiyo na lami, unaweza kuukwanyua utando unaokishikilia, na hewa ikaanza kutembea ndani ya yai kila linapoinamishwa. Mtu anayemulika mayai mara tu yafikapo ataliona hilo waziwazi: kivuli cha hewa kinachohama pembeni badala ya kutulia juu. Hapa ndipo desturi ya kuyapumzisha mayai ilipotoka, yaani kuyasimamisha ncha kali ikiwa chini mahali penye ubaridi kwa saa 12 hadi 24 kabla ya kuyatia kiotani, ili hewa ipate kurudi mahali pake na ute utulie. Wengi hulipuuza hilo kwa sababu ya haraka, hasa wakiwa na kuku aliyekwisha kujilaza na kuwadonoa mikono.

Safari yenyewe nayo haitabiriki. Mwishoni mwa mwaka 2024, daraja la Karuma juu ya Nile lilipofungwa kwa ukarabati, magari ya West Nile, yaani eneo hilo la Arua na Adjumani, yalizungushwa kwa njia nyingine. Kuzunguka kama huko humwongezea abiria uchovu tu, lakini yai huongezewa saa za joto na za kutikiswa.

Tukubali basi kwamba yai limefika likiwa limeumia kiasi. Je, kuku ndiye mkunga bora wa yai kama hilo, au mashine? Hoja ya kuku ni nzito. Ngozi yake ya tumboni hulipa yai joto karibu na nyuzi 38, huligeuza mara nyingi kwa siku bila kukumbushwa, na hutoka kiotani kwa dakika chache tu kula, kunywa na kunya. Mashine ndogo za bei nafuu zinazouzwa mijini nyingi zina kipimajoto kisichoaminika, na nyuzi moja au mbili zikizidi kwa siku kadhaa zinatosha kuua kundi zima. Isitoshe, West Nile iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2024 tu, na bado kuna vijiji vingi ambavyo nyaya zinapita juu yake bila kushuka. Kwa mtu wa huko, kuuliza kama mashine ni bora kuliko kuku ni kuuliza swali la mtu mwingine. Kisha kuna malezi: mashine huishia kwenye kuangua, ilhali koo huvifunika vifaranga usiku, huvifukulia mchwa, na humkabili mwewe kwa mabawa yake mwenyewe.

Hata hivyo, wanaotetea mashine wana hoja moja ambayo sijasikia ikijibiwa vizuri. Yai ambalo chumba chake cha hewa kimelegea linahitaji kusimamishwa wima na kuachwa bila kugeuzwa kwa siku kadhaa za mwanzo. Mwenye mashine anaweza kulifanya hilo. Hulizima gurudumu la kugeuza, akangoja. Kuku hawezi kuambiwa asigeuze. Atalilaza yai ubavu na kulizungusha tangu saa ya kwanza, kwa ustadi uleule unaomfanya awe bora kwa yai zima. Kwa hiyo sifa yake kubwa kwa mayai ya nyumbani inaweza kuwa udhaifu kwa mayai yaliyotikiswa vibaya, na mtu mwenye mashine ya kutegemewa pamoja na mayai ya thamani kubwa ana haki ya kutomwamini kuku.

Ugumu mwingine ni wa kupatanisha nyakati. Kuku hutaka kuatamia siku atakayo yeye, na basi hufika siku litakayo lenyewe. Anaweza kushikiliwa kiotani kwa mayai mawili matatu ya kawaida hadi mgeni awasili, lakini kila wiki ya kungoja humpunguzia mwili, na baada yake bado anadaiwa siku 21 kamili. Trei nayo ina mayai 30, wakati kuku wa kienyeji wa umbo la wastani hufunika vizuri mayai 10 hadi 12. Anayenunua trei nzima anahitaji kuku watatu walioanza pamoja, na asiyekuwa nao hushawishika kumbebesha mmoja mayai 18, ya pembeni yakapoa kwa zamu mpaka yote yakadhoofika. Wapo pia wanaochanganya mayai ya wageni na yale yaliyokwisha kulaliwa wiki moja. Vifaranga vya kwanza vikitoka, mama huinuka navyo ndani ya siku moja au mbili, na yaliyobaki hufa yakiwa karibu kuanguliwa.

Kuhusu magonjwa sisemi mengi, ila lisipuuzwe. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini yai geni halifungwi kamba. Huingia moja kwa moja chini ya koo wa nyumbani. Homa ya matumbo ya kuku na uharisho mweupe wa vifaranga hupita kutoka kwa mama hadi kwa kifaranga ndani ya yai, na ganda lenye kinyesi hubeba zaidi ya hayo. Mwezi Januari 2017, mafua ya ndege yalipothibitishwa kando ya Ziwa Victoria, Kenya ilisimamisha mara moja uingizaji wa kuku na mazao yake kutoka Uganda, mayai yakiwamo. Nchi nzima ilifungiwa mlango kwa tahadhari ambayo mnunuzi wa trei moja huwa haifikirii kabisa. Kwa upande mwingine, haki ielekezwe kotekote: kuku mwenyewe akiwa na utitiri atakiacha kiota siku ya 15, na hapo shamba lililouza mayai halina hatia.

Vifaranga vya siku moja vina faida ambayo mayai hayana. Kifaranga huzaliwa akiwa na akiba ya kiini tumboni inayoweza kumtosha hadi siku tatu hivi, ndiyo sababu husafirishwa kwa maboksi na kufika hai. Vinavyotoka kwa watotoleshaji wazuri huwa vimechanjwa dhidi ya ugonjwa wa Marek siku ya kwanza, jambo ambalo kwa kawaida halifanyiki kiotani. Lakini vinataka joto la kutengenezwa kwa wiki tatu au nne, chakula cha kununua na mtu wa kuamka usiku, na kaya nyingi huvipoteza hapo hapo.

Swali ambalo ningependa liulizwe kabla ya lile la kuku au mashine ni hili: mayai ya kuku gani? Kuroiler waliingizwa Uganda kutoka India mwishoni mwa muongo wa 2000, na wanapendwa kwa sababu hukua upesi wakiokota chakula uani. Ni chotara. Mayai yanayotokana na Kuroiler kupandana na Kuroiler huangua vifaranga vya sura na uzito wa kila namna, na kuyalipia nauli kutoka Mukono hadi Arua ni kununua jina. Mayai ya mbegu inayozaa kama ilivyo, kwa mfano Rhode Island Red, yanastahili taabu hiyo, mradi yawe yametagwa ndani ya siku tatu nne, yasafiri usiku, yasioshwe, yapumzishwe siku nzima, na awepo koo aliyekwisha kulea angalau mara moja. Hata hapo mfugaji apange hesabu yake kwa nusu ya mayai. Wanaoahidi vifaranga tisa katika kumi wanazungumzia mayai ambayo hayajapanda basi.

Na ikiwa lengo ni kuboresha kundi lililopo, si kuanzisha ukoo safi, mimi ningeacha trei na kununua jogoo mmoja. Husafiri akiwa hai, mtu humwona macho na miguu kabla ya kulipa, hutengwa wiki mbili kwa kamba yake, na baada ya hapo kila tetea wa nyumbani hutaga mayai yenye mbegu hiyo bila mashine wala basi. Asiyekubali ni yule anayetaka ukoo mzima ulio safi, na kwake bado nitamshauri aanze na mayai kumi na mbili kwa koo mmoja, si trei.